Chura Asiye na Ulimi: Kisa cha Somo Moja la Upasuaji Karibu na Ahero

"Mwalimu, huyu hana ulimi."

Aliyesema hivyo ni msichana wa Kidato cha Tatu, meza ya nne kutoka mlangoni, saa tano kasorobo asubuhi. Kibano kilikuwa mkono wake wa kulia, na kwa kidole cha mkono wa kushoto alikuwa ameuvuta chini utaya wa chura ili mdomo ukae wazi. Mimi nilikuwa napita mbio kwenda meza ya tano, ambako mvulana mmoja alikuwa ameminya uvimbe ulio nyuma ya jicho la chura wake na maziwa meupe yakatoka. Nilihofu asije akajifuta jicho kwa vidole vile. Kwa hiyo nilimjibu msichana bila kusimama: "Tafuta vizuri. Labda mmeukata mlipokuwa mnafungua mdomo."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Ninaandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu wa baiolojia, hasa wanaofundisha huku kwetu ambako chura hanunuliwi, anaokotwa. Naamini wengi wametoa jibu kama langu na hawakujua walichokiharibu.

Shule yetu ni ya kutwa, nje kidogo ya Ahero, kwenye tambarare za Kano karibu na Kisumu, Kenya. Ukitoka langoni unaona mashamba ya mpunga na mifereji yake, na mvua ndefu zikianza vyura hulia usiku kucha hadi mgeni hawezi kulala. Mada ilikuwa uainishaji wa viumbe. Mtaala haumlazimishi mwalimu kupasua chura katika mada hiyo. Unataka mwanafunzi ajue sifa za kundi la amfibia: ngozi yenye unyevu isiyo na magamba, moyo wenye vyumba vitatu, kupumua kwa ngozi na mapafu, na kwa matamvua wakati wa uluwiluwi. Niliamua kupasua kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia "vyumba vitatu" ikitajwa kama shairi la kukariri. Nilitaka wauone huo moyo, kisha wajiulize wao wenyewe wana nini kifuani.

Wanafunzi walikuwa 48, meza sita, wanane kwa kila meza, chura mmoja kwa meza. Wavulana wawili walileta vyura jioni ya kuamkia siku hiyo kwenye ndoo iliyofunikwa gunia. Wachache waliwatoa kwenye mfereji wa mpunga na njiani, wengine kwenye bwawa la samaki la ami wa mmoja wao. Msaidizi wa maabara aliwapokea na asubuhi akawalaza kwa klorofomu, kisha akahakikisha ubongo na uti wa mgongo umeharibiwa ili mnyama asihisi lolote. Kazi hiyo aliifanya vizuri na kwa huruma. Mimi sikuifunua ile ndoo. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia, saa kumi na tano kabla ya kipindi.

Badala ya kuangalia ndoo nilikuwa ubaoni. Nilichora chura mkubwa wa chaki za rangi, mdomo wazi: meno madogo utaya wa juu, ulimi ulioshikamana mbele na kuelekea kooni, wenye ncha mbili, ngoma ya sikio ikiwa duara nyuma ya jicho. Ulikuwa mchoro mzuri, na ulifanana na ule wa kitabu. Kando yake nilichora jedwali la safu mbili, chura kushoto na binadamu kulia, na nusu ya safu hizo nilizijaza mwenyewe ili kuokoa muda. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Kipindi chenyewe kilionekana kimefana. Hakuna aliyezirai na hakuna aliyejikata. Yule wa meza ya tano alinawa mikono kwa sabuni kabla hajagusa uso. Kengele ilipolia, wanafunzi walikuwa bado wameinamia trei. Mkuu wa idara alichungulia dirishani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ningeweza kuishia hapo.

Usiku nilisahihisha michoro. Kati ya meza sita, tatu zilikuwa na chura wa aina ile ya meza ya nne, yaani wanafunzi 24. Kati yao 22 walichora ulimi. Mmoja alichora mdomo ukiwa umefungwa. Wa mwisho alikuwa yule msichana. Nilikuwa nimeshampa alama kamili na kuiweka karatasi yake pembeni, mwanga wa taa ulipoipata kwa ubavu nikaona mahali ufutio ulipopita. Alikuwa amechora mdomo mtupu kwanza, sakafu laini, bila kitu. Pembeni alikuwa ameandika maneno mawili ya kusema hakuna ulimi. Kisha akayafuta yote, na juu ya makovu ya penseli akachora ulimi wangu wa ubaoni, ncha mbili, umeshikamana mbele.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Mtoto aliona, akasema alichokiona, akaandika. Mimi nikamwambia macho yake yamekosea, na akaniamini kuliko alivyoyaamini macho yake. Halafu nikampa alama kumi juu ya kumi kwa sababu aliniamini.

Kesho yake, kabla ya gwaride la asubuhi, nilikwenda maabara nikawafunua vyura wote sita waliohifadhiwa kwenye spiriti. Nikawapanga mezani, na sasa niliwaangalia kwa mara ya kwanza.

Walikuwa wa aina tatu. Mmoja tu, wa meza ya kwanza, ndiye aliyekuwa chura wa ubaoni: pua iliyochongoka, mikunjo mirefu mgongoni, miguu mirefu ya kurukia, ngoma ya sikio wazi. Huyo ni wa jenasi ya Ptychadena, jamii ya vyura wa majani na mpunga. Ana ulimi, umeshikamana mbele, na ana meno juu. Wawili, wa meza ya tano na ya sita, walikuwa wale wazito wenye vipele ambao jioni hukaa chini ya taa za barabarani wakisubiri wadudu, Sclerophrys. Nyuma ya jicho wana tezi mbili nene za sumu. Ulimi wanao, ila meno hawana kabisa, si juu wala chini. Nilipozirudia karatasi za meza hizo mbili niliona meno yamechorwa kwenye karibu kila moja.

Na watatu wa bwawani walikuwa Xenopus, chura wa majini mwenye kucha. Mwili bapa na unaoteleza kama sabuni iliyolowa, macho juu ya kichwa yakitazama angani, ngoma ya sikio haionekani kwa nje. Ubavuni ana mistari mifupi mifupi kama mshono wa sindano, ambayo ni viungo vya kuhisi mtikisiko wa maji, kama alivyo navyo samaki. Ulimi hana. Si kwamba ni mdogo au umefichika. Jamii yake nzima, Pipidae, haina ulimi. Chakula anakivuta kwa kufungua mdomo ghafla maji yaingie nacho, na kikiwa kikubwa anakisukumia ndani kwa viganja vya mikono ya mbele. Ulimi wa kurusha na kunasa unafaa hewani. Chini ya maji ungemsaidia nini?

Hapa lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili kinasema chura, Kijaluo kinasema ogwal, na wote watatu wanaingia humo. Kiingereza kina majina mawili, frog na toad, ila kwa watoto wengi wa hapa ni maneno ya kitabu tu yasiyo na mnyama nyuma yake. Sioni ubaya wa kuwa na neno moja pana. Tatizo ni mwalimu anaposema "chura" huku akiwa na mmoja tu akilini, na mwanafunzi akawa na mwingine mkononi. Jedwali langu la safu mbili lilidai kulinganisha chura na binadamu. Kwa kweli lililinganisha mchoro wa kitabu na mchoro mwingine wa kitabu, na mizoga sita ilikuwa pambo.

Wengine watasema kosa ni aina ya chura tu: chagua Ptychadena wote sita na tatizo limekwisha. Nililifikiria hilo, na silikubali. Hata meza ya kwanza, iliyokuwa na chura sahihi, ilichora kutoka ubaoni. Nilijua kwa sababu chura wao alikuwa jike aliyejaa mayai, mamia kwa mamia, kila moja nusu jeusi nusu jeupe, yamesukuma utumbo hadi pembeni, na hakuna hata mmoja kati ya wanane aliyeyachora. Ubaoni hayakuwapo. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameniuliza kama ni ugonjwa. Nilimwambia ni mayai, ayaondoe ili aione figo vizuri.

Nikaomba vipindi viwili vingine kwa mwalimu wa hesabu, nikamlipa kwa vyangu vya wiki iliyofuata. Sikutaka vyura wapya wafe. Nilikuwa na sita kwenye spiriti, na kwa kusema kweli wanne wangetosha tangu mwanzo. Nilimwomba yule mvulana ambaye ami yake ana bwawa aniletee Xenopus mmoja mzima kutoka huko, akae kwenye beseni, arudishwe jioni. Kwa upande wa binadamu nilinunua moyo wa mbuzi kwa muuza nyama wa sokoni, kwa kuwa moyo wa mbuzi una vyumba vinne kama wetu. Sehemu nyingine zote za binadamu wanafunzi walikuwa wamekuja nazo wenyewe.

Nilianza kwa kufuta ubao wote. Nikamwambia msichana wa meza ya nne mbele ya wenzake: "Jana uliniambia chura wako hana ulimi, nikakwambia utafute. Ulikuwa sawa. Mimi sikuwa nimemwangalia." Aliinamisha kichwa. Darasa likanyamaza, halafu mtu kutoka nyuma akauliza: "Kwa hivyo wetu pia hana?" Viti vikaanza kuvutwa kuelekea trei.

Sharti likawa moja. Hakuna anayeandika neno upande wa chura kabla hajaligusa kwa kibano, na hakuna anayeandika upande wa binadamu kabla hajalitafuta mwilini mwake au kwenye moyo wa mbuzi. Nitaeleza pale palipozaa matunda zaidi.

La kwanza ni mkono. Chura ana mfupa mmoja wa juu, kisha panapopaswa kuwa na mifupa miwili chini ya kiwiko ana mmoja wenye mfereji katikati, kwa maana miwili hiyo imeungana. Nikawaambia waweke mkono mezani, kiganja juu, kisha wakigeuze chini bila kuinua kiwiko, huku mkono wa pili ukishika katikati ya kigasha. Walihisi mifupa miwili ikipishana. Chura hawezi kugeuza kiganja hivyo, na sasa walijua ni kwa nini. Mbele ana vidole vinne, nyuma vitano. Mundi wake pia una mifupa miwili iliyoungana. Vifupa viwili vya kifundo vimerefuka sana, ndiyo maana mguu wa chura unaonekana una pingili moja zaidi ya wetu, na pingili hiyo inamwongezea nguvu ya kuruka. Mifupa ni ileile, imepunguzwa hapa na kurefushwa pale. Mvulana mmoja alitumia neno la fundi cherehani: "Ni kitambaa kimoja, mishono tofauti." Niliacha liandikwe ubaoni.

La pili ni pumzi. Chura hana kizimba cha mbavu kinachopanuka, wala hana kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Wanafunzi waliweka vidole chini ya mbavu, wakavuta hewa, wakahisi mbavu zikiinuka na tumbo likisukumwa mbele. Kisha wakamtazama Xenopus kwenye beseni. Alipanda juu, akatoa pua, koo likashuka na kupanda, akazama tena. Chura hushusha sakafu ya mdomo hewa iingie kwa pua, kisha huipandisha kuisukuma hewa mapafuni. Sisi tunavuta, yeye anasukuma. Yule msichana aliuliza ikiwa angekufa mtu akimshikilia mdomo wazi. Nikamjibu kwamba pampu ya koo ingeshindwa, lakini ngozi ingeendelea kumpa oksijeni kwa muda, na kwamba hatutalijaribu.

Kisha tulimviringisha kwa kitambaa kilicholowa, tukamwacha mguu mmoja wa nyuma nje, tukautandaza utando wa vidole chini ya hadubini. Dakika mbili kwa kila meza, maji yakidondoshwa juu yake kila mara. Hapo niliona darasa likifanya kitu ambacho sijakiona tena: walipanga foleni bila kuambiwa. Ndani ya utando, kwenye vijishipa vyembamba kuliko unywele, chembe nyekundu za damu zilikuwa zikipita moja baada ya nyingine, zikijikunja kwenye kona na kunyooka tena. Niliwaeleza kwamba William Harvey alipochapisha kazi yake mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu inazunguka, hakuweza kuiona njia inayounganisha mishipa inayotoka moyoni na ile inayorudi. Njia hiyo aliiona Marcello Malpighi mwaka 1661, kwenye mapafu ya chura. Pia niliwaambia kwamba chembe nyekundu ya chura ina kiini na ya mtu mzima imekwisha kukipoteza, wakalitafuta hilo kesho yake kwenye slaidi zetu za zamani.

Mahali nilipopaswa kukaa zaidi tangu siku ya kwanza ni moyo.

Katika kipindi cha kwanza, vifua vilipofunguliwa, mioyo ilikuwa ingali inapiga. Meza ya pili waliweka makasi chini. "Mwalimu, bado yuko hai," mmoja alisema, na sauti yake ilitetemeka. Niliwaambia hajui lolote, ubongo haupo, tuendelee. Lilikuwa jibu la kweli ila fupi mno kwa mtoto aliyeogopa kwamba anaua kitu kilicho hai. Katika kipindi cha pili nililirudia kwa utulivu. Msuli wa moyo hausubiri amri ya ubongo ili upige. Kwa chura pigo huanzia kwenye kifuko chembamba kilicho nyuma ya moyo kinachopokea damu ya mwili. Kwetu kifuko hicho kimemezwa na ukuta wa chumba cha juu cha kulia, na masalio yake ndiyo kiini kinachoanzisha kila pigo la moyo wa binadamu. Nikawaambia waweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, wahesabu pigo kwa nusu dakika. Wanafunzi 48 kimya, kila mmoja amejishika. Yule wa meza ya pili alihesabu midomo ikicheza.

Kisha vyumba. Ubaoni siku ya kwanza nilikuwa nimeandika vitatu kwa chura na vinne kwa binadamu, na kwa mdomo nikaongeza kwamba wetu "umekamilika". Neno hilo najutia. Mvulana mmoja alikuwa ameniuliza kwa nini Mungu amempa chura moyo mbovu, nami nikacheka kidogo nikaendelea.

Swali lake lilistahili jibu hili. Chura ana vyumba viwili vya juu na kimoja cha chini. Damu iliyotoka mapafuni huingia kushoto, iliyotoka mwilini kulia, na zote hushukia chumba kimoja. Zinachanganyika, ila si kama chai na maziwa. Kuta za ndani za chumba hicho zina mikunjo, na kwenye mshipa mkubwa unaotoka kuna ukingo uliosokotwa unaosaidia kuelekeza kila damu upande wake. Halafu kuna ngozi. Damu iliyochukua oksijeni kwenye ngozi hurudi kupitia upande wa kulia, pamoja na ile ya mwili. Chura akiwa chini ya maji mapafu yake hayana kazi kubwa, na moyo wenye chumba kimoja cha chini unaweza kupunguza damu ya kwenda huko bila kuvuruga mzunguko. Kwa mnyama anayepumua kwa mapafu leo na kwa ngozi kesho, ukuta kamili katikati ungekuwa kizuizi.

Hapo mvulana wa meza ya tatu, asiyezoea kusema, akainua mkono. Mtoto wa shangazi yake alizaliwa na tundu kwenye moyo. "Kwa hivyo ana moyo wa chura?"

Nilishukuru kwamba safari hii sikuwa napita mbio. Nilichukua moyo wa mbuzi uliopasuliwa, nikamwonyesha ukuta mnene kati ya vyumba viwili vya chini, nikamwambia aubane kati ya vidole aone unavyostahimili. Upande wa kushoto una nguvu kuliko wa kulia kwa sababu unasukuma damu mwili mzima. Mtoto akizaliwa na tundu kwenye ukuta huo, kwa kawaida damu iliyokwisha kuchukua oksijeni husukumwa kutoka kushoto kwenda kulia, ikarudishwa mapafuni tena. Mapafu yanajaa, moyo unafanya kazi mara mbili, mtoto anachoka akinyonya. Chura haugui kwa kukosa ukuta huo, maana mwili wake wote umejengwa kwa moyo wa aina hiyo, ana ngozi ya kumsaidia na mahitaji yake ya oksijeni ni madogo. Binadamu ana mapafu tu. Nikamwambia pia kwamba matundu madogo mengi hujiziba mtoto anapokua, na makubwa madaktari huyaziba. Alikaa na ule moyo mkononi hadi mwenzake akaomba zamu.

Ini, nyongo, wengu, kongosho na tumbo lililopinda vilipita upesi, kwa kuwa vinafanana vya kutosha na kila mtu alishawahi kuona matumbo ya mbuzi. Kilichowashangaza ni kloaka, tundu moja la haja zote mbili na la mayai, na vile vidole vya mafuta ya manjano vilivyo karibu na figo, ambavyo meza mbili walidhani ni mayai. Mayai yenyewe, ya yule jike wa meza ya kwanza, safari hii yalichorwa.

Na yakaleta jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilieleza kwamba miaka ya 1930, kwa kufuata kazi ya Lancelot Hogben, mwanazuolojia Mwingereza aliyefanya kazi Cape Town, iligundulika kwamba Xenopus jike akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai ndani ya siku moja hivi. Hospitali za nchi nyingi zilitumia chura huyo kupima mimba kwa miaka mingi. Homoni inayotolewa na mimba ya binadamu inaeleweka na ovari ya chura. Katika kulinganisha miili hii miwili sijui mfano ulio bora kuliko huo, na haumo kwenye jedwali lolote la kitabu nilichokitumia. Msichana wa meza ya nne aliuliza kama ni huyuhuyu. Nikamwambia ni ndugu yake wa kusini mwa Afrika, na ndugu huyohuyo ndiye John Gurdon alimtumia kuonyesha kwamba kiini cha chembe ya utumbo kinaweza kujenga mnyama mzima, kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Limebaki suala la KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, kwa kuwa mwalimu mwenzangu aliniuliza mara nilipomsimulia: "Sasa KCSE wakiulizwa, waandike nini?" Ni swali la haki. Nilikaa na sifa za amfibia zinazotajwa kwenye mtaala, nikazipima moja moja kwa vyura wetu watatu. Moyo wa vyumba vitatu, wote wanao. Ngozi isiyo na magamba, wote, ingawa ya Sclerophrys ni kavu zaidi. Mayai majini na uluwiluwi, wote. Ulimi haumo kwenye orodha, wala meno, wala ngoma ya sikio ya nje. Yale yaliyotofautiana kwenye trei ni yale ambayo mtihani hauyadai kwa kundi zima, na mimi ndiye niliyeyapandisha cheo kwa sababu yalikuwa mazuri kuchora. Aina tatu mezani zinamfundisha mtoto kipi ni cha kundi na kipi ni cha mnyama mmoja, na uainishaji ni kazi hiyo hasa. Kama ningeanza upya ningetafuta aina tatu makusudi, nikaangalia ndoo usiku, na nisichore kitu ubaoni kabla ya dakika ya thelathini.

Lipo pia jambo la mwanafunzi aliyeomba kutopasua. Siku ya kwanza nilimruhusu asimame pembeni, na alisimama pembeni kipindi kizima bila kazi. Siku ya pili nilimkabidhi beseni: kuhesabu mara ngapi Xenopus anapanda kuvuta hewa kwa dakika kumi, na kumlowesha wakati wa hadubini. Daftari lake lilikuwa na vipimo vingi kuliko la mtu yeyote.

Jioni tulimrudisha chura bwawani, wale wavulana wawili, yule wa beseni, na msichana wa meza ya nne ambaye nyumbani kwao ni njia hiyohiyo. Aliomba ambebe yeye. Ukingoni mwa bwawa alimweka kwenye kiganja, akamgeuza mguu wa nyuma kwenye mwanga uliobaki, akavipitia vidole kimoja kimoja kwa ncha ya kidole chake.

"Mwalimu, kucha ni tatu tu," alisema. "Vidole viwili vya nje havina."

Niliinama nikahesabu naye. Zilikuwa tatu.